Chumba Ambamo Hatukusalimiana

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya risasi sikuruhusiwa kugusa hata risasi moja. Nilipewa beseni la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na debe la maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa, nikaambiwa nioshe. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Oldeani nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani, kwa kuwa nilidhani kazi ya Karatu mjini ni ya kukaa mezani. Ilipofika saa sita gauni lilikuwa limelowa hadi magotini na vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa masizi.

Vijana mnaoniuliza siku hizi kazi ile ilifanywaje, wengi wenu mnadhani risasi ni kitu kimoja, kama msumari. Mimi nami nilidhani hivyo. Risasi ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kidonge kidogo kilichokaa kitakoni mwa ganda, ambacho pini ya bunduki hukigonga kikatoa cheche. Kuna baruti, ambayo ndiyo nguvu yenyewe. Halafu kuna kichwa, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwa mnyama. Bunduki ikishalia, vitatu vimekwisha na ganda limebaki. Kazi yetu ilikuwa kulichukua ganda hilo, kulirudisha umbo lake na kulijaza upya.

Kampuni ya uwindaji wa kitalii iliyoniajiri ilikuwa na kibali cha kufanya kazi hiyo, kwa sababu bunduki zake kubwa za nyati zilikuwa za zamani na risasi zake zilikuwa zimeadimika madukani. Afisa wa polisi alikuja kukagua stoo yetu, na kila punje ya baruti ilikuwa na maelezo yake. Nalisema hili mapema ili asije mtu akasoma maneno ya bibi mstaafu akaenda kuhangaika na baruti jikoni kwake.

Aliyenileta pale alikuwa Fundi Mkuu, mzee mwembamba wa Singida aliyevaa kofia ya kufuma hata wakati wa jua kali. Alikuja shambani Oldeani, ambako mimi na akina mama wenzangu wa Mbulu tulikuwa tukichambua kahawa, akasimama nyuma ya meza yetu karibu nusu saa bila kusema. Kisha akaokota punje niliyoitupa. Akaigeuzageuza, akaipasua kwa kucha, akakuta ndani tundu la mdudu lisilozidi ncha ya sindano.

“Uliionaje?” akaniuliza.

“Sikuiona, Mzee. Rangi yake haikunipendeza.”

“Njoo Karatu Jumatatu,” akasema, akaondoka. Nilibaki nimeweka mikono kichwani, wenzangu wananicheka kwamba nimepata mchumba wa uzeeni.

Kwa wiki tatu niliosha maganda na kuyatazama, basi. Fundi Mkuu alinifundisha kutafuta mstari mwembamba unaong'aa karibu na kitako, kwani hapo ndipo ganda lililochoka hukatika. Mstari mwingine hauonekani kwa nje. Alikuwa na waya uliopindwa ncha, akautia ndani ya ganda na kuuvuta polepole ukutani mwake, macho ameyafumba. Waya ukikwama kidogo tu, ganda linatupwa. Nilijaribu mara mia nisisikie chochote. Siku ya kumi ncha ikakwama kwenye kitu chembamba kuliko unywele, na mwili ukanisisimka hadi kisogoni. Nilikuwa nimegusa ufa ambao hakuna jicho lililouona.

Baada ya hapo nilifundishwa kalibu, kile chuma kigumu ambamo ganda husukumwa kwa mkono wa mashine ili lirudi vipimo vyake. Unalipaka mafuta kidogo sana. Yakizidi, ganda linabonyea ubavuni. Nikafundishwa kukata mdomo uliorefuka, kuulainisha, kupachika fataki mpya kwa kidole gumba bila papara. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni mizani.

Ilikaa ndani ya kijisanduku cha kioo, mkono wake mmoja wa shaba, na kisahani kisichozidi kifuniko cha chupa. Fundi Mkuu alining'oa unywele mmoja bila kuniomba ruhusa, akauweka kwenye kisahani na kufunga kioo. Mshale ukasogea. Nilisema “Yesu wangu!” kwa sauti, na pumzi yangu ikapenya mlangoni mwa kioo, mshale ukasogea tena.

“Umeona?” akasema. “Hata kumshangaa Mungu kunapimika hapa. Shangaa, lakini fumba mdomo.”

Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea taratibu, naogopa hata kukanyaga. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na sita bila kujua kwamba unywele wangu una uzito. Nilimweleza mume wangu akacheka, nikamwambia asicheke, nikamweleza tena.

Chumba kile kilikuwa na kanuni zake. Maganda yalipangwa kwenye ubao wenye matundu: ganda tupu linasimama mdomo chini, na likishamiminiwa baruti ndipo linageuzwa, mdomo ukaangalia juu. Kabla ya kupachika vichwa, unachukua tochi iliyotundikwa msumarini na kumulika kila mdomo, mmoja mmoja, uone baruti yote imefika kimo kimoja. Na kanuni ya mwisho aliiandika mwenyewe mlangoni kwa rangi nyekundu: HAPA HATUSALIMIANI.

Watu walimwona ana kiburi. Nchi hii mtu usipoitikia salamu yake anakwenda kusema mtaa mzima. Meneja wa kampuni aliingia na kusema “Shikamoo, Fundi,” asijibiwe. Padri alipita, imamu wake mwenyewe alipita. Fundi Mkuu aliendelea kumimina, akamaliza, akatoka nje, na hapo nje ndipo alipowaitikia wote kwa unyenyekevu na kuwauliza habari za watoto. Nilimwambia siku moja kwamba naona aibu.

“Aibu utaizoea,” akanijibu. “Mtu aliyekasirika atapoa. Huko porini, nyati akija, hataki kujua ulikuwa unaongea na nani.”

Mwezi wangu wa saba pale, Fundi Mkuu alikwenda Arusha kwa mambo ya kibali, akaniacha peke yangu kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na risasi arobaini za bunduki kubwa zinazotakiwa kambini Loliondo. Mwindaji Bingwa wetu, yule mwenye leseni ya kuwaongoza wageni, alikuwa na mgeni aliyekuja kwa ajili ya nyati, na dereva angepita alasiri kuzichukua. Nilifanya kazi vizuri. Naomba mniamini hapo. Nilipima thelathini na tisa bila kuinua kichwa.

Ganda la arobaini nililigeuza nikalisimamisha ubaoni, mdomo juu, kabla ya kulimiminia. Hilo halikuwa kosa kubwa, maana kipimo chake kilikuwa tayari kwenye kisahani na mkono wangu umeshaanza kukifuata. Wakati huo huo kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Mzee Gwandu, baba mkwe wangu, ametoka Buger kuja mnadani, kofia mkononi, amefuata kunijulia hali. Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa ukoo wake, akampitisha.

Kwetu Wairaqw, mkamwana haketi wakati baba wa mume wake amesimama. Hilo hulifikirii, umelelewa nalo. Mwili wangu ulisimama kabla ya akili. Nilifunga kioo cha mizani kwa mazoea, upepo usiingie, nikaenda mbele yake nimeinamisha macho.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mtoto kikohozi kimeisha?”

Tuliongea habari za kikohozi, za mahindi, za ng'ombe wake aliyezaa ndama wawili. Nikamweka kwenye benchi nje na kumwomba anisubiri kidogo. Niliporudi mezani, midomo arobaini ilikuwa ikiangalia juu, na mdomo unaoangalia juu maana yake umejaa. Tochi ilikuwa msumarini. Nikamsikia mzee akikohoa nje, nikajiambia kwamba haya maganda nimeyajaza mimi mwenyewe kwa mikono yangu, sasa namulika nini? Nikapachika vichwa vyote arobaini. Dereva akaja, akachukua. Nikampikia baba mkwe chai ya maziwa, akanisifu, nikafurahi sana.

Asubuhi iliyofuata Fundi Mkuu alirudi. Alivua koti, akaketi, akafungua kioo cha mizani.

“Binti,” akasema, “hii baruti ni ya nani?”

Kisahani kilikuwa kimejaa kipimo kimoja kamili. Niliona mara moja. Sikuhitaji kuelezwa. Ganda lenye fataki bila baruti hulia kidogo tu, paf, na kile kidonge kina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama hapo. Mwindaji ambaye nyati anamjia hana nafasi ya kutafakari. Anavuta bolti, kile chuma kinachoingiza risasi mpya, na kufyatua ya pili. Ya pili inakuta njia imezibwa, na mtutu unapasuka mbele ya uso wake.

Na si uso wake peke yake. Begani mwake husimama Saning'o, mfuata nyayo wetu, kijana wa Kimasai aliyeondoka umorani majuzi tu. Kila alipokuja karakanani kuchukua risasi aliniita dada wa radi. Nilijua kwamba ng'ombe wa mahari yake walikuwa wanakusanywa, na kwamba msimu ukiisha angeoa.

Fundi Mkuu hakupiga kelele. Kelele ningezivumilia zaidi. Alimwita Meneja, Meneja akaita kambini kwa redio, kambi haikujibu. Simu huko hazikuwa zimefika. Mzee akaifungasha mizani kwenye sanduku lake lenye pamba, akaniambia, “Panda gari.” Meneja akabaki redioni.

Tulipita geti la Ngorongoro na kupanda ukungu. Juu kwenye ukingo wa kreta nyati wawili wazee walisimama kando ya barabara, wametota, pembe zao zimefunika paji lote, wakatutazama tunavyopita. Nilikuwa nimetengeneza risasi za mnyama yule kwa miezi saba bila kumwona kwa karibu. Tukashuka kwenye uwanda wa vumbi, tukakata kaskazini, na njia nzima nilisikia sauti ya Meneja ndani ya redio ya gari ikiita kambi, kambi, kambi. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiiraqw. Fundi Mkuu alikuwa amekumbatia sanduku la mizani magotini kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

Tulifika kambini saa kumi alasiri. Mpishi akasema wametoka alfajiri, wamefuata madume matatu kuelekea vilima vya Samunge, na redio betri imekufa tangu jana. Tukafuata alama za matairi hadi tukaikuta gari yao tupu chini ya kilima. Dereva wetu akazima injini. Hapo ukalia mlio mmoja mkubwa kutoka vichakani. Kisha kimya. Sijawahi kusikia kimya kirefu vile. Kisha mlio wa pili.

Fundi Mkuu alikuwa amefumba macho kama siku ile ya waya.

“Zote mbili zimejaa,” akasema.

Walitokea baada ya nusu saa, Mwindaji Bingwa, mgeni wake na Saning'o nyuma yao, wazima, wamejaa vumbi, wanacheka. Nilimhesabu kila mmoja vidole. Fundi Mkuu alisalimia, kisha akaomba risasi zote ziwekwe juu ya boneti, zilizo kwenye bunduki, kwenye mkanda na kwenye boksi, pamoja na maganda mawili ya moto. Tulihesabu thelathini na tisa. Tukahesabu tena.

“Moja iko wapi?” akauliza.

Saning'o akafungua fundo kwenye pembe ya shuka lake, akatoa risasi. “Ni hii, Mzee. Asubuhi nilikuwa napanga mkanda. Hii ni nyepesi. Nikaitikisa, imenyamaza. Wenzake wote wanasema sss, ndani.”

“Mbona hukumwambia bosi?”

“Nilimwambia. Akasema zote ni sawa, zimetoka kwa Fundi, weka. Mimi sikuweka. Nikasema nitamrudishia Fundi mwenyewe.”

Mwindaji Bingwa alitazama viatu vyake. Fundi Mkuu akaifungua mizani ndani ya gari, vioo vyote vimepandishwa, akaipima risasi ile na nyingine kumi. Kisha akaing'oa kichwa kwa nyundo yake maalumu, akalishika ganda na kuligeuza juu ya kiganja changu. Haikudondoka hata punje. Nilitazama kiganja changu kitupu, halafu nikautazama mkono wa yule kijana, mkono wa kushika fimbo na kukamua ng'ombe, ambao ulikuwa umepima kile ambacho sisi tulikipimia ndani ya kioo. Nilimwogopa, nasema kweli, kama mtu anavyoogopa kanisani.

“Sasa mwambie,” Fundi Mkuu akaniambia. “Mwambie yeye, usiniambie mimi.”

Nikamweleza Saning'o yote: baba mkwe, salamu, tochi, na jinsi ambavyo mtutu ungepasuka, na yeye angekuwa amesimama upande gani. Sikuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akiligeuza lile ganda kati ya vidole.

“Huyo mzee wa Buger,” akasema, “ulimwamkia vizuri?”

“Nilimwamkia.”

“Ni vizuri. Ametoka mbali.” Akacheka, akanipiga bega. Mimi nililia palepale mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyenikataza.

Sikufukuzwa. Nilirudishwa kwenye beseni, nikaosha maganda msimu mzima. Msimu uliofuata Fundi Mkuu alinirudisha mezani, na alipostaafu kurudi Singida alinikabidhi funguo za chumba na ile rangi nyekundu, niyakolezee maandishi ya mlangoni yakififia. Nikawa Fundi Mkuu mimi. Nilihudumu chini ya mameneja watatu, nikapelekwa kambini misimu miwili, nikarudi Karatu, nikafundisha wasichana wanne, wawili kati yao nilikuwa nimewaokota kulekule kwenye meza za kahawa Oldeani. Mmoja wao ana mikono mizuri kuliko yangu, na huniambia hivyo kila tukionana.

Baba mkwe wangu alikuja tena mwaka uliofuata. Nilikuwa na maganda kumi yaliyobaki. Sikuinua kichwa. Nilijua ni yeye kwa kikohozi, na machozi yalinijaa hadi nikalazimika kungoja yapite ndipo nipime. Alisimama dirishani, kofia mkononi, muda wote huo, wala hakukohoa tena. Nilipotoka na kumwamkia aliniitikia kwa mikono miwili, akaniuliza kama sasa naweza kuongea. Jamaa wa Buger wananiambia kwamba alikwenda kujisifu kwao kwa jinsi nilivyomnyima salamu.

Saning'o alijaribu kunifundisha kupima kwa kiganja. Ananiwekea risasi kumi, moja nyepesi, nimefumba macho. Mara nyingine niliipata, mara nyingine sikuipata. Yeye hakukosea hata mara moja katika miaka yote hiyo, na kila mara nilishangaa upya. Nimestaafu bila kujua alikuwa anasikia nini.

Vijana huniuliza kama kazi yenyewe ilinipendeza, kutengeneza vitu vya kuua. Swali ni halali, na mimi mwenyewe nimelikalia jioni nyingi. Sikuwahi kufyatua bunduki. Nililopenda ni ile hofu nzuri ya asubuhi, unapokaa mbele ya kioo na kujua kwamba kuna mtu, mahali usipomwona, anakutegemea wewe usiwe na haraka. Sijaipata hofu hiyo kwenye kazi nyingine yoyote, na tangu nistaafu naikosa.

Mwezi uliopita nilisafiri hadi kwa Saning'o, kwenye vilima vya juu ya Samunge. Ana mvi sasa, na masikio yamekuwa mazito. Mke wake, yule aliyemwoa mwishoni mwa msimu ule, alinikaribisha maziwa. Kisha wakawaita wajukuu waje wamsalimie mgeni. Walikuja kwa mstari, mkubwa mbele, kila mmoja ameinamisha kichwa ili nikiguse, kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wakubwa. “Koko,” waliniita, yaani bibi. Niliwagusa mmoja mmoja. Walikuwa kumi na mmoja, wa mwisho amebebwa mgongoni na dada yake, kichwa chake bado kina joto la usingizi.

Saning'o alikuwa akinitazama. “Dada,” akasema, “wewe ni fundi, mbona mkono unatetemeka?”

Niliwaomba watoto warudi nyuma, wajipange tena, nianze upya kutoka kwa mkubwa.